Asetiki ya 2% ina osmolariti kubwa kuliko damu. Kwa nini seli nyekundu zinapasuka badala ya kusinyaa?

#1 Loleza (Mbeya mjini)
Wakuu habari za jioni. Naleta swali la kidato cha sita, ila naona linawahusu zaidi watu wa maabara.

Chukueni myeyusho wa Turk wa kuhesabia seli nyeupe: asidi ya asetiki halisi mL 2, jentian vayoleti ya 1% mL 1, maji yaliyokenekwa mpaka mL 100. Asetiki halisi ina uzito wa g 1.049 kwa mL, na moli moja ni g 60.05. Kwa hiyo lita moja ya Turk ina 20 × 1.049 ÷ 60.05, yaani 0.349 mol. Kwa kuwa asidi ni dhaifu (pKa, yaani pH ambayo nusu ya asidi imevunjika, ni 4.76), inayovunjika kuwa ioni ni kama 0.7% tu, pH inakuwa karibu 2.6, na osmolariti yote, yaani jumla ya chembe zilizoyeyuka, inafika mOsm 351 kwa lita. Damu ina karibu 290.

Kwa kitabu, myeyusho wenye osmolariti kubwa kuliko seli unavuta maji kutoka ndani na seli inasinyaa. Lakini ukiweka damu kwenye Turk seli nyekundu zinapotea zote. Nani ana maelezo yanayosimama?

#2 FundiMaabara (Tukuyu)
Mwalimu, hapo osmosisi haihusiki. pH 2.6 inaharibu protini za utando na zile za chini yake zinazoshikilia umbo la seli. Hemoglobini nayo inageuka hematini ya asidi, ile rangi ya kahawia. Ni kemia ileile ya kipimo cha zamani cha Sahli: µL 20 za damu ndani ya HCl ya 0.1 N, unasubiri ukahawia, unazimua ukilinganisha na kioo cha rangi. Utando ukishakufa, osmolariti ya nje haina kazi tena.

#3 Ngosi
#2 anasema kweli kuhusu asidi, ila ameruka hatua. Mwalimu amehesabu osmolariti, na seli inajibu tonisiti. Osmolariti inahesabu kila chembe iliyoyeyuka. Tonisiti inahesabu zile tu ambazo utando unazizuia.

Mfano ulio safi ni urea. Urea ya 1.8% ni g 18 kwa lita, sawa na 0.300 mol, sawa na mOsm 300. Kwa osmometa inalingana kabisa na damu. Weka seli nyekundu humo, zinapasuka kama umeziweka kwenye maji matupu, kwa sababu urea inaingia ndani, maji yanaifuata, na hemoglobini na potasiamu zilizomo hazina pa kutokea.

Molekuli ya asetiki isiyovunjika haina chaji, ni ndogo, inapita kwenye mafuta ya utando bila mlango wowote. Katika Turk zaidi ya 99% ya asidi iko katika hali hiyo. Kwa hiyo katika zile mOsm 351, zinazoweza kuzuiwa na utando ni ioni chache tu: 2.5 za asetati na 2.5 za haidrojeni. Kwa seli, Turk ni karibu maji matupu.

#4 Loleza
Asante sana Ngosi. Hebu nihakikishe: asidi ingekuwa imevunjika yote, tonisiti ingebadilika?

#5 Ngosi
Ndiyo, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapotelea. Ongeza NaOH kwenye asetiki hiyohiyo mpaka pH 7.4. Sasa iliyobaki bila kuvunjika ni kama 0.2%, na umeongeza sodiamu 0.349 mol. Osmolariti inapanda mpaka karibu 700, na sodiamu haiingii ndani ya seli. Seli zinasinyaa. Asidi ni ileile na gramu ni zilezile, ila matokeo yamegeuka kinyume.

Wanaotengeneza bafa (myeyusho unaozuia pH isiyumbe), kama HEPES, wakumbuke jambo hili. Ukipandisha pH kwa NaOH, kila mmol ya NaOH inaongeza mmol ya sodiamu kwenye hesabu. HEPES ya mmol 20 ikiletwa pH 7.4 inabeba karibu mmol 9 za sodiamu juu yake. Rekebisha pH kwanza, ndipo uhesabu NaCl ya kuweka.

#6 Isimani (Iringa)
Kamwene wote. Maelezo ya Ngosi yanapimika, basi tuyapime. Kama shida ni tonisiti peke yake, asetiki ya 2% iliyotengenezwa ndani ya chumvi ya 0.9% badala ya maji ingelinda seli, kwa sababu NaCl haipiti. Chumvi ya 0.9% ni mmol 154, na kwa hesabu ya karatasi inatoa mOsm 308. Ungetegemea seli zibaki nzima.

Hazibaki. Ukitazama mrija kwenye mwanga, wekundu unakuwa hudhurungi, na baada ya muda mfupi unasoma maandishi kupitia myeyusho. Chumvi haikuokoa kitu. Hapo FundiMaabara anapata pointi.

#7 FundiMaabara (Tukuyu)
Ndaga fijo Isimani. Nilisema!

#8 Ngosi
Usishangilie mapema, mtani. Alichoonyesha Isimani ni kwamba asidi *inaweza* kuua seli zilizo ndani ya chumvi. Hakijaonyesha kwamba asidi ndiyo inayoua kwanza ndani ya Turk isiyo na chumvi. Seli nyekundu kwenye maji matupu inapasuka ndani ya sekunde. Kama Turk ni sawa na maji matupu kwa upande wa tonisiti, seli imeshapasuka kabla asidi haijamaliza kazi kwenye protini. Ukahawia unakuja baadaye, kwenye hemoglobini iliyokwisha kumwagika.

#9 Kipengere
Kuna njia ya tatu ambayo hamjaigusa, nayo inaunganisha pande zote mbili.

Ndani ya seli nyekundu hemoglobini ina chaji hasi kwenye pH ya kawaida. Asidi ikiingia, hemoglobini inapokea haidrojeni na chaji yake hasi inapungua, na ikishuka chini ya pH 6.8 hivi inaelekea chanya. Ili chaji zilingane, kloraidi inaingia kutoka nje, na inapita haraka kwa sababu utando wa seli nyekundu una protini nyingi za kubadilishana kloraidi na bikabonati. Chembe zimeongezeka ndani, maji yanafuata, seli inavimba. Hili linatokea *hata kwenye chumvi ya 0.9%*. Kwa hiyo jaribio la Isimani halithibitishi kwamba osmosisi haihusiki. Chumvi yenyewe ndiyo inayoleta kloraidi ya kuvimbisha.

Na hili halihitaji pH 2.6. Kaboni dayoksaidi ikiyeyuka inatoa asidi dhaifu, na ndiyo maana seli za damu ya vena ni kubwa kidogo kuliko za ateri. Hamburger wa Uholanzi alilishughulikia tangu karne ya 19, yeye huyohuyo ambaye kazi zake za kupasua seli kwa chumvi zilitupa msingi wa 0.9%.

#10 FundiMaabara (Tukuyu)
Kipengere umetuacha Tukuyu, wewe umeshafika kwenye mapafu. Ila hoja naikubali kwa pH ya 6 au 6.5. Kwa 2.6 sidhani seli inapata nafasi ya kuvimba kwa utaratibu huo.

#11 MaabaraSumbawanga
Si mkate mzizi tu? Tengenezeni HCl ya pH 2.6 ndani ya chumvi ya 0.9%, muilinganishe na asetiki ya pH 2.6 ndani ya chumvi ileile. pH ni moja, tofauti ni asidi dhaifu na kali. HCl ikishindwa kupasua, basi pH siyo kisababishi.

#12 Isimani (Iringa)
Jaribio hilo lina shimo kubwa, na watu wengi wanaanguka humo. pH ni haidrojeni iliyo huru sasa hivi, siyo akiba ya asidi yote. Pigeni hesabu kwa vipimo vya kawaida, damu µL 20 ndani ya mL 0.38.

HCl ya pH 2.6 ina mmol 2.5 kwa lita. Katika mL 0.38 hiyo ni chini kidogo ya mikromoli 1. Damu µL 20 ina bikabonati karibu mikromoli 0.4, na bado hujagusa hemoglobini, ambayo ni bafa nzito kuliko bikabonati. Damu inaimeza HCl yote na pH inapanda mbali na 2.6. Utasema HCl haikupasua, kumbe asidi imeisha.

Asetiki ya 2% katika mL 0.38 hiyohiyo ina mikromoli 133. Damu ikila haidrojeni, molekuli nyingine zinavunjika kuziba pengo. Ni akiba mara 140.

Ukitaka HCl ilingane na asetiki, osha seli mara tatu kwa chumvi ya 0.9% ili plazma itoke, kisha weka seli chache sana kwenye ujazo mkubwa. Kipimo cha erithrogramu ya asidi cha miaka ya 1950 kilifanywa hivyo: HCl ya karibu mmol 2 kwa lita ndani ya chumvi, seli chache mno, na unafuatilia mwanga unavyoongezeka dakika kwa dakika. Humo seli zilipasuka, lakini kwa dakika, si sekunde.

#13 Ngosi
Hiyo "dakika, si sekunde" ndiyo hoja yangu ya #8. Asante Isimani.

#14 Isimani (Iringa)
Taratibu. HCl inangoja nje, haidrojeni yake haipiti utando kirahisi. Asetiki inaingia na asidi yake mpaka ndani na kuiachia humo. Kasi ya HCl haikupi kasi ya asetiki.

#15 Loleza
Na seli nyeupe je? Kama ni maji matupu, nazo zingepasuka.

#16 FundiMaabara (Tukuyu)
Swali zuri mwalimu. Unachohesabu kwenye chemba (kioo chenye miraba ya kuhesabia seli, kama Neubauer) hasa ni viini. Asidi inagandisha protini za kiini na jentian inakipaka rangi. Sehemu inayozunguka kiini imeshaharibika, ndiyo maana kwenye hadubini unaona nukta ya zambarau yenye ukungu hafifu pembeni, wakati mwingine bila ukungu kabisa. Seli nyekundu haina kiini, kwa hiyo ikipasuka haiachi kitu cha kuhesabu.

Hapo pia kuna kosa la kazini: seli nyekundu changa zenye kiini hazipotei kwenye Turk, zinahesabiwa kama nyeupe. Kama filamu ya damu inaonyesha zipo, rekebisha: hesabu × 100 ÷ (100 + idadi ya zenye kiini kwa kila nyeupe 100). Hesabu yenyewe kwa mzimuo wa 1 kwa 20 na miraba minne ya pembeni ya Neubauer ni idadi × 50 kwa mikrolita. Acha mchanganyiko dakika 5 hadi 10 kabla ya kujaza chemba, halafu chemba itulie dakika mbili ili seli zishuke.

#17 Makete_Baridi
Naongeza la huku kwetu, kwa sababu hesabu ya mwalimu kwenye #1 inadhani mL 2 ni mL 2 kweli. Asetiki halisi inaganda kwenye nyuzi 16.6. Mwezi wa sita na wa saba, stoo ya Makete, Njombe au hata Mbeya iko chini ya hapo. Unakuta chupa imeganda nusu, fuwele nyeupe chini na kimiminika juu, mtu anafyonza kile cha juu.

Asilochukua maanani ni kwamba kinachoganda kwanza ni asidi iliyo safi zaidi. Maji kidogo yaliyomo yanabaki kwenye kimiminika, kwa hiyo cha juu kina asidi pungufu, na chupa inayobaki inakuwa kali kuliko lebo. Turk ya leo dhaifu, ya wiki ijayo kali. Turk dhaifu inaacha vivuli vya seli nyekundu kwenye chemba na hesabu inakupotosha.

Weka chupa kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30, kifuniko kimelegezwa, mpaka fuwele ya mwisho iyeyuke, kisha funga na uigeuze mara kadhaa ndipo upime. Moto wa wazi usiusogeze kabisa, mvuke wake unashika moto kuanzia nyuzi 39 hivi. Na asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji, si maji kwenye asidi.

#18 Loleza
Hili nalibandika ukutani maabara. Ubarikiwe.

#19 BwanaShambaUyole
Naomba kuuliza upande wa mimea. Vipande vya kiazi mviringo kwenye siki ya 5% vinalegea na kupungua uzito. Siki ya 5% ni 0.83 mol, ni kubwa kuliko utomvu wa kiazi. Kwa hiyo huku osmosisi ya kitabuni inafanya kazi?

#20 Kipengere
Kulegea peke yake hakukuambii kitu, kwa sababu vitu viwili tofauti vinaleta kulegea. Maji yametolewa na utando mzima, au utando umekufa na utomvu unavuja wenyewe.

Vitenganishe hivi. Kata vipande vya sm 5 kwa mm 5 kwa mm 5 kutoka kiazi kimoja, bila ganda, vikaushe kwa karatasi, vipime. Kimoja kwenye sukari ya 0.8 mol, kingine kwenye siki, dakika 30. Vipime tena, vyote vitakuwa vimelegea. Sasa vihamishie kwenye maji safi kwa saa kadhaa. Cha sukari kinarudisha ugumu, ukikikunja kinakatika kwa mlio. Cha siki kinabaki kama kamba. Maji yapo tele nje, ila hakuna utando wa kuyashikilia ndani.

Kitunguu chekundu kinaonyesha vizuri zaidi, hasa hivi vya Ruaha Mbuyuni vyenye rangi nzito. Bandua ngozi ya nje ya gamba, weka kwenye slaidi, ingiza siki kwa upande mmoja wa kifuniko na nyonya kwa karatasi upande wa pili. Tazama zambarau inavyogeuka pinki *ndani* ya seli wakati kuta bado zimejaa. Hiyo ni asidi imeshapita utando mbili na kufika kwenye vakuoli, na seli haijasinyaa. Baadaye ndipo rangi inaanza kutoka nje ya mipaka. Ukirudia kwa sukari ya 1 mol, rangi haibadiliki na utando unaachana na ukuta kwenye kona.

#21 Ngosi
Asante. Huo ndio ushahidi wangu: asidi inaingia kwanza.

#22 FundiMaabara (Tukuyu)
Na kisha utando unakufa. Huo ndio ushahidi *wangu*.

#23 MifugoNjombe
Habari wadau. Mnaongelea seli nyekundu, sisi tunaona jambo hilihili tumboni mwa ng'ombe, lita nyingi kwa mkupuo. Ng'ombe wa maziwa akivamia gunia la mahindi yaliyoparazwa, rumeni (tumbo lake kubwa la kwanza) inachacha haraka. Kwa kawaida kimiminika cha rumeni kinakaribia damu, kama mOsm 300. Kwenye asidosisi, yaani asidi ikizidi, kinaweza kupita 400, na maji yanatoka kwenye damu kuingia rumeni. Ndiyo maana mnyama ana tumbo linalocheza maji na wakati huohuo macho yamezama.

Aina ya asidi ina uzito wake. Asetiki, propioniki na butiriki zina pKa karibu 4.8. Rumeni ikifika pH 5, kama 39% ya asidi hizo haijavunjika, kwa hiyo zinafyonzwa kupitia ukuta na kuondoka. Laktiki ina pKa 3.86. Kwa pH hiyohiyo ambayo haijavunjika ni kama 7% tu. Iliyobaki ni ioni, inakaa rumeni na kuvuta maji. Zote tunaziita asidi dhaifu, lakini moja inaondoka na nyingine inang'ang'ania.

#24 MaabaraSumbawanga
Kwa hiyo laktati ya kwenye dripu ya Ringer nayo isihesabiwe kwenye osmolariti kwa kuwa ni asidi dhaifu?

#25 MifugoNjombe
Hapana mkuu, inahesabiwa. Ndani ya dripu siyo asidi, ni sodiamu laktati, na kwa pH ya karibu 6.5 imevunjika zaidi ya 99%. Jumlisha: sodiamu 130, kloraidi 109, potasiamu 4, kalisi 1.5, laktati 28. Inakuja kama 273. Ikishaingia mwilini, ini linaichoma laktati, nayo inaondoka kwenye hesabu.

#26 Isimani (Iringa)
Mtu atauliza kwa nini tusipime kwa osmometa tumalize ubishi. Osmometa ya kugandisha inasoma kushuka kwa nyuzi 1.86 kwa kila osmoli moja kwa kilo ya maji, na inahesabu chembe zote, zinazopita na zisizopita. Itakupa karibu 350 kwa Turk na 300 kwa urea. Ile ya mvuke ni mbaya zaidi hapa, asetiki yenyewe inageuka mvuke na kuvuruga kipimo. Tonisiti inapimwa kwa seli yenyewe.

#27 Kipengere
Pia msisahau seli inayopigana. Bakteria kwenye achari, nje pH 5 na ndani akijitahidi kubaki 7: asetiki inaingia bila chaji, inavunjika ndani, na asetati inakwama. Kwa pKa 4.76 uwiano wa ndani kwa nje unakuwa kama 64. Asetiki ya mmol 4 tu nje inaweza kuleta asetati ya mmol 250 hivi ndani, kama seli inaweza kushikilia pH yake. Huo ni mzigo wa osmosisi unaozaliwa ndani na asidi iliyokuwa kidogo nje, na seli inalazimika kutoa chembe nyingine, kama glutamati, ili isivimbe. Seli nyekundu haina ukuta wa kuisaidia.

#28 Ngosi
Basi turudi kwenye damu. Ili kutenga kupenya na ukali wa asidi tunahitaji myeyusho wa pH 7 ambao chembe zake zote zinapenya. Amonia asetati inatosha: amonia inaingia bila chaji, asetiki inaingia bila chaji, ndani vinaungana tena kuwa ioni, maji yanafuata. Hakuna asidi kali popote. Seli nyekundu zinapasuka na hemoglobini inabaki nyekundu safi, bila ukahawia. Linganisha na sodiamu asetati ya kiasi hichohicho, ambamo seli zinabaki nzima.

#29 FundiMaabara (Tukuyu)
Hilo linaonyesha kupenya *kunatosha* kupasua. Turk ina vyote viwili kwa pamoja, na hujavitenganisha ndani ya Turk yenyewe.

#30 Loleza
Nitawawekea mezani mirija yote. Nipeni gramu za amonia asetati.

#31 Isimani (Iringa)
Moli moja ni g 77.08. Kwa mmol 155 ni g 11.95 kwa lita, yaani g 1.19 kwa mL 100. Inanyonya unyevu hewani, kopo lililoachwa wazi linakuwa tope na mizani inakudanganya, kwa hiyo pima haraka na ufunge. Sodiamu asetati isiyo na maji ni g 82.03 kwa moli, kwa hiyo g 1.27 kwa mL 100. Kama ni ile ya fuwele yenye maji matatu, g 136.08 kwa moli, weka g 2.11. Soma lebo kabla ya kupima, maana ukipima g 1.27 za ile ya fuwele ukidhani haina maji unapata kama 60% tu ya nguvu, na seli zitavimba kwa sababu isiyohusika na ubishi huu. Leta zote pH 7.0 hadi 7.4, seli ziwe zimeoshwa, saa ya sekunde iwe mkononi, na mrija wa asetiki ndani ya chumvi usikose.